Dekoderi za Baraka: programu mpya iwekwe au iachwe?

Kwenye meza za mafundi wa soko la Baraka kuna swali linalorudi kila msimu wa mpira: chaneli zimepotea, je, dekoderi iwekewe programu mpya au iachwe jinsi ilivyo? Linaonekana swali dogo. Lakini katika nyumba ambamo familia tatu zinalala pamoja, wenyeji na waliokimbia vita huko milimani, dekoderi moja ndiyo inayoleta picha za Uvira, Bukavu na Kinshasa. Ikifa, kununua nyingine ni kazi ya miezi.

Historia ya jambo hili ni ndefu kuliko dekoderi zenyewe. Kongo ilianzisha televisheni ya taifa mwaka wa 1966, na rangi ilipokuja nchi ilifuata mfumo wa Ufaransa uitwao SECAM. Ng'ambo ya ziwa mambo yalikuwa tofauti. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania bara ilikaa bila kituo chake mpaka mwaka wa 1994. Kote huko walitumia mfumo wa PAL. Hivyo Ziwa Tanganyika lilikuwa mpaka wa nchi, na pia mpaka wa rangi.

Mwaka wa 1996 vita vilipofika Fizi, watu wengi walivuka ziwa hadi Kigoma, na wengi wao wakaishia kambi ya Nyarugusu. Safari za kuwarudisha kwa meli mpaka Baraka zilianza Oktoba 2005. Televisheni iliyotengenezwa kwa PAL peke yake, ikipokea matangazo ya SECAM, huonyesha picha nyeusi na nyeupe, na mara nyingi sauti haitoki kabisa, kwa sababu sauti nayo inapita kwenye masafa mengine. Hakuna fundi aliyeweza kuiponya kwa programu. Dawa ilikuwa kuongeza saketi ndani au kununua televisheni inayopokea mifumo yote.

Tofauti hiyo ndiyo wengi wanaoisahau mpaka leo. Kuna kitu ambacho mashine inaweza kufundishwa, na kuna kitu ambacho haikuzaliwa nacho.

Dekoderi za kwanza za parabole zilisoma picha za mtindo wa MPEG-2. Baadaye ukaja MPEG-4, unaobana picha zaidi, na mwaka wa 2005 ukatangazwa mtindo mpya wa kurusha mawimbi kutoka satelaiti, DVB-S2. Kukodi nafasi kwenye satelaiti ni ghali sana, na mitindo hii miwili iliwezesha kupitisha chaneli nyingi zaidi katika nafasi ileile. Basi vituo vikahama, kimoja leo, kingine mwaka ujao. Mtu wa Baraka hakuambiwa kitu. Aliamka tu na kukuta chaneli haipo.

Dalili zenyewe zinasema mengi, kwa mwenye kuzijua. Sauti ikisikika vizuri na kioo kikabaki cheusi, mara nyingi kituo kimehamia MPEG-4 na dekoderi ni ya MPEG-2. Chaneli zikipotea pamoja, picha na sauti, huku parabole haijaguswa na chaneli nyingine za satelaiti ileile zinaonekana, huenda zimehamia DVB-S2 au zimebadili masafa tu. Masafa yakibadilika, kutafuta chaneli upya kwa rimoti kunatosha, na mwenye dekoderi halipi hata faranga moja. Lakini kama ni mtindo uliobadilika, programu mpya haisaidii, kwa sababu kazi ile inafanywa na chipu, na chipu haibadilishwi kwa flashi.

Kenya ilijifunza jambo hilo kwa hasara. Desemba 2009 Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya kidijitali Nairobi kwa mtindo wa DVB-T. Haukupita muda mrefu nchi ikaamua kuhamia DVB-T2, mtindo mpya zaidi. Watu waliokimbilia kununua ving'amuzi vya kwanza, kama wanavyoviita kule, walibaki na masanduku yasiyoelewa mawimbi mapya. Waliotii mapema ndio waliolipa mara mbili.

Haraka ile ilikuwa na chanzo chake. Mwaka wa 2006 nchi nyingi zilikutana Geneva na kukubaliana kwamba matangazo ya zamani ya analojia yangeacha kulindwa tarehe 17 Juni 2015. Tanzania iliwahi: ilizima mitambo ya Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha ikaendelea mji kwa mji. Kongo ilifikia tarehe ile kazi ikiwa haijakwisha. Kwa mkaaji wa Fizi, ambaye picha yake hutoka mbinguni kwa parabole, tarehe ya Geneva haikugusa sana. Kilichomgusa ni kampuni.

Wapenzi wa mpira wanaikumbuka GTV. Iliingia mwaka wa 2007 katika nchi nyingi za Afrika, ikiwa imenunua haki za sehemu kubwa ya mechi za ligi kuu ya Uingereza. Januari 2009 ikafilisika na kufunga. Dekoderi zilizobaki zilikuwa nzima, programu nzima, kadi nzima, ila hakuna tena aliyezirushia kitu.

Halafu kuna ile programu nyingine, ya kimagendo. Kwa miaka mingi dekoderi za Afrika zilijazwa programu zilizopakuliwa kwenye cybercafé, zenye kufungua chaneli za kulipia bila kulipa. Zilifanya kazi wiki kadhaa, kampuni ikabadilisha funguo, mteja akarudi kwa fundi na pesa nyingine. Tukihesabu pesa zile za kila mwezi, wengine wangekuwa wamelipia abonema halali.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, iko katika dakika chache za kuweka programu yenyewe. Dekoderi hufuta kwanza kumbukumbu yake ya zamani, kisha huandika mpya. Umeme ukikatika katikati, inabaki haina ya zamani wala mpya: taa nyekundu inawaka, au herufi zinasimama mahali pamoja, basi. Na Baraka nyumba nyingi hutegemea sola au jenereta. Betri iliyochoka huonyesha imejaa mchana, ikaanguka ghafla televisheni na taa zikiwashwa pamoja. Mafundi waangalifu hutumia betri ya gari iliyochajiwa vizuri, huzima vingine vyote, na huifanya kazi hiyo asubuhi, si saa mbili usiku watu wakisubiri habari.

Kosa la pili ni kuamini sura ya nje. Masanduku mawili yenye jina lilelile yanaweza kuwa na bodi tofauti ndani, na programu ya moja ikaua lingine. Kabla ya flashi kuingizwa, ukurasa wa taarifa kwenye menyu unafaa kusomwa na namba zake kuandikwa kwenye karatasi: toleo la mashine na toleo la programu. Kama toleo la mashine halilingani na lililoandikwa kwenye faili, kazi isianzishwe. Na dekoderi inayoonyesha kila kitu bila tatizo haina sababu ya kuguswa, isipokuwa kampuni yenyewe imetuma programu hiyo kwa satelaiti.

Iliyokufa mara nyingine hufufuka. Dekoderi nyingi za zamani zina tundu la RS-232 nyuma, na fundi mwenye kebo anaweza kunakili programu kutoka dekoderi nzima ya aina ileile. Inabidi aipate hiyo nzima, na jirani akubali kuiazima. Wiki ya mapigano, jirani huyo ni adimu. Wakati huo watu wa nyumba hurudi kwenye redio ndogo ya mawe mawili, ambayo tangu itoke dukani haijawahi kuomba programu mpya.