Nyumba Njema Si Mlango: Historia ya Nyaya Zilizofichika Ukutani

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo twaifundisha kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi wetu huieleza kwa tabia za watu: mwenye sura nzuri na moyo mbaya, mwenye maneno matamu na matendo machungu. Ni maelezo sahihi. Lakini siku moja tulifunzwa maana yake ya wazi kabisa, ile ya nyumba yenyewe, na aliyetufunza alikuwa fundi umeme.

Ilikuwa katika nyumba ya walimu, hapa Uganda. Taa ya jikoni ilikuwa haiwaki. Fundi alizima swichi, akapanda ngazi, akaifungua holda ya taa. Papo hapo umeme ukampiga, naye akanusurika kuanguka. Alipopima aligundua kisa chake. Aliyeifunga taa ile hapo zamani aliiweka swichi kwenye waya unaorudisha umeme, badala ya kuiweka kwenye waya unaouleta. Kwa hiyo swichi ilipozimwa taa ilikuwa giza, lakini umeme ulikuwa bado umekaa pale juu ukimngoja mtu. Fundi akapanda darini. Huko akakuta waya ulioungwa na kufungwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni, mwingine uliotobolewa na msumari wa seremala, na mwingine uliozungushwa kwenye bomba la maji kama kamba ya kufungia mbuzi. Aliposhuka alituuliza neno moja tu: "Mwalimu, ni nani aliyefunga umeme humu?" Hatukuwa na jibu.

Katika makala haya tumekusudia kulitazama swali hilo kwa jicho la historia. Maana fundi yule hakuwa wa kwanza kuuliza. Malalamiko ya mafundi umeme juu ya kazi za waliowatangulia, na juu ya kazi za waashi, maseremala na mafundi bomba, yana umri sawa na umeme wenyewe majumbani.

Tuanze New York, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kabla Thomas Edison hajafungua kituo chake cha Pearl Street tarehe 4 Septemba 1882, matajiri wachache walikuwa wakiwekewa mitambo yao wenyewe chini ya nyumba. Mmoja wao alikuwa William Vanderbilt. Edison mwenyewe alisimulia baadaye yaliyotokea jioni ya majaribio. Taa ziliwaka vizuri, wenye nyumba wakaja kutazama, na baada ya dakika chache ukuta ukaanza kuungua. Kumbe chumba kile kilikuwa kimepambwa kwa kitambaa cha hariri kilichofumwa pamoja na nyuzi nyembamba za madini. Nyaya mbili ziligusana na nyuzi zile, nazo zikawa nyekundu kwa joto. Edison aliamuru mtambo uzimwe, na moto ukafa kabla ya kulipuka. Bibi Vanderbilt, alipoambiwa kwamba chini ya nyumba yake kuna tangi la mvuke linaloendesha mtambo, alisema hatakaa juu ya kitu kama hicho. Kazi yote ikang'olewa.

Tuone vizuri jambo hili. Fundi wa mapambo hakukosea katika fani yake. Kitambaa chake kilikuwa kizuri. Fundi wa umeme naye alizitandaza nyaya zake kama zilivyotandazwa siku hizo. Kosa lilikaa katikati yao, mahali ambapo kazi ya mmoja hukutana na kazi ya mwingine na hapana aliyeulizana na mwenzake.

Tajiri mwingine, J. P. Morgan, aliwekewa umeme katika nyumba yake ya Madison Avenue mwaka 1882. Waya uliopitishwa chini ya zulia ili kuifikia taa ya meza ya kuandikia ulizua moto, meza ikaungua na sehemu ya maktaba yake ikaharibika. Morgan hakurudi kwenye taa za gesi. Aliamuru nyaya zote zitandazwe upya. Alitambua mapema jambo ambalo wengi walichelewa kulitambua, kwamba umeme ni mtumishi mwema, ila hauvumilii uzembe wa anayeupitishia njia.

Walioona hatari hiyo upesi zaidi walikuwa watu wa bima, kwa sababu wao ndio waliolipa nyumba zilipoteketea. Mjini London, katika mwaka huohuo wa 1882, Musgrave Heaphy, mhandisi wa kampuni ya bima ya moto ya Phoenix, alitunga kanuni za kufuatwa na yeyote atakayetia umeme katika nyumba iliyokatiwa bima. Mwaka huo pia chama cha wahandisi wa simu na umeme cha Uingereza kilitoa kanuni zake za kuzuia moto, zikiwa na kurasa nne tu. Kanuni hizo ziliendelea kurekebishwa, na toleo la kumi na nane, la mwaka 2018, lina kurasa zaidi ya 500. Huko Marekani kanuni ya taifa ilitolewa mwaka 1897. Msomaji asidhani kwamba kurasa hizo ziliongezwa kwa kupenda urasimu. Nyingi kati yake zilizaliwa na ajali: mahali fulani nyumba iliungua, au mtu alikufa, ndipo sentensi ikaandikwa.

Hata hivyo kanuni humfunga fundi wa leo. Hazimfungi atakayekuja kesho na nyundo yake. Mfano mzuri ni namna ya zamani ya kutandaza nyaya huko Marekani, iliyotumika tangu miaka ya 1880 hadi miaka ya 1930 na baadaye kidogo. Nyaya mbili zilipitishwa mbalimbali, kila mmoja umeshikwa na vifundo vya kauri, na zilipotoboa mbao zilipita ndani ya vijibomba vya kauri. Zilikaa hewani, na hewa ndiyo iliyozipoza. Viungo vyake vilitiwa risasi ya kulehemu, kisha vikafungwa vizuri. Ilikuwa kazi ya uvumilivu, na mafundi wengi huisifu hata leo. Lakini miaka ilipopita, watu wengine walikuja kujaza ndani ya kuta vitu vya kuzuia baridi, wakazifunika nyaya zile hata zisipate hewa. Wengine waliunga nyaya mpya kwa zile za zamani bila risasi wala kisanduku. Kazi iliyokuwa salama ikawa ya hatari, wala si kwa kosa la aliyeifanya.

Wakati mwingine kosa hutoka sokoni. Shaba ilipopanda bei katikati ya miaka ya 1960, wajenzi wa Marekani waligeukia nyaya za aluminiamu, na kabla ya miaka kumi kwisha nyumba zipatazo milioni mbili zilikuwa zimefungwa nyaya hizo. Aluminiamu hupitisha umeme vizuri. Taabu yake huwa kwenye viungo: hutanuka na kusinyaa zaidi kwa joto, hulegea chini ya skrubu, na hupata utandu unaozuia umeme kupita. Kiungo kikilegea hupata moto. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya tume ya usalama wa bidhaa ya nchi hiyo ulionyesha kwamba nyumba zilizofungwa aluminiamu kabla ya mwaka 1972 zilikuwa na uwezekano mara 55 zaidi, kuliko zile za shaba, wa kuwa na kiungo kilichofikia joto la kuleta moto. Nje ya ukuta palikuwa na rangi safi na swichi nyeupe. Nyumba njema si mlango!

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alichukua mtambo uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar na kuanzisha huduma ya umeme mjini humo. Hapa Uganda bwawa la Owen Falls, pale Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954. Pamoja na umeme zilikuja desturi za Uingereza: waya mwekundu wa kuleta umeme, mweusi wa kuurudisha, na wa kijani wa kuupeleka ardhini unapopotea njia. Ikaja pia plagi ya pini tatu bapa, iliyowekewa kiwango huko Uingereza mwaka 1947, yenye fyuzi yake ndogo ndani. Wenzetu wa Burundi na Kongo walirithi plagi za pini za mviringo kutoka kwa Wabelgiji. Ndiyo sababu redio au pasi inayovuka mpaka mara nyingi hukatwa plagi yake, na nyaya zake zikachomekwa tupu kwenye soketi kwa njiti za kiberiti. Anayefanya hivyo kwa plagi ya Kiingereza huiondoa fyuzi pamoja nayo, wala hajui kwamba ameondoa mlinzi.

Rangi za nyaya, ndugu walimu, ni lugha. Fundi aliyekufa huitumia kumwambia fundi aliye hai: huu gusa, huu usiguse. Na kama lugha yoyote, hubadilika, na mabadiliko yasipoelezwa huleta msiba. Kuanzia mwaka 2004 Waingereza walianza kuziacha rangi zao za zamani katika nyaya za majumbani ili walingane na nchi nyingine za Ulaya, na tangu Aprili 2006 kazi mpya zilitakiwa kutumia rangi mpya peke yake. Kahawia ikashika mahali pa nyekundu. Buluu, iliyokuwa rangi ya mojawapo ya nyaya za moto katika umeme wa njia tatu, ikawa ya waya wa kurudi. Nyeusi, iliyokuwa ya waya wa kurudi, ikawa ya mojawapo ya nyaya za moto. Neno lilelile likageuka maana! Kwa sababu hiyo kanuni ziliamuru kwamba nyumba yenye rangi za aina mbili ibandikwe onyo kwenye kisanduku chake cha fyuzi. Na mwenye nyumba aliyenunua waya wa rangi yoyote iliyokuwepo dukani, akaunga nyekundu kwa buluu kwa kuwa zilimfikia, ameandika sentensi isiyosomeka.

Hatusemi kwamba mafundi umeme ni malaika. Swichi ya jikoni mwetu ilifungwa na mtu aliyejiita fundi umeme. Lakini tukipekua sababu, twakuta mikono mingi. Mwashi hupiga lipu juu ya bomba la nyaya kabla halijakaguliwa. Seremala hutoboa mahali asipopajua. Fundi bomba huondoa bomba la chuma lililooza na kuweka la plastiki, naye hana habari kwamba katika nyumba nyingi za zamani bomba lile lilikuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Taa zitaendelea kuwaka, na hapana atakayejua kinga imeondoka mpaka siku ya kuhitajika. Na mwenye nyumba? Yeye humwita wa bei rahisi, humharakisha, kisha hulipia kwa moyo mkunjufu kile kinachoonekana: vigae, rangi, mlango. Cha ndani ya ukuta hukipunguza, kwa kuwa mgeni hatakisifu.

Kwa hiyo hasira ya fundi anayekuta uchafu darini haitoki katika majivuno ya kazi peke yake. Mwalimu akisahihisha insha mbaya, hasara ni wino mwekundu. Fundi husoma maandishi ya mwenzake kwa vidole vyake, na kosa la kusoma laweza kuwa la mwisho.

Fundi wetu alirudi siku ya pili na ya tatu. Aliirudisha swichi kwenye waya wake, akaikata minyororo ya viungo vya darini na kuiunga upya ndani ya visanduku. Kazi yake ilipokwisha nyumba ilionekana vilevile kama zamani, na wengine waliuliza fedha za shule zimekwenda wapi. Lakini kabla hajaondoka alituomba kalamu. Ndani ya kifuniko cha kisanduku cha fyuzi aliandika, kwa Kiswahili na kwa mwandiko wa taratibu: jikoni, vyumba vya kulala, soketi za sebuleni, taa ya nje. Chini yake akaandika tarehe na jina lake. Tulipomwuliza jina ni la nini, alijibu kwamba atakayekifungua siku nyingine asipate taabu ya kuuliza ni nani.