Kariakoo ni ya nani? Mizizi ya mvutano wa ardhi katikati ya Dar es Salaam

Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowazuia watu wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo biashara ya jumla na rejareja, ufundi wa simu na huduma za kutuma fedha kwa simu. Jina lililotajwa zaidi katika mjadala huo ni Kariakoo, ambako wafanyabiashara wenyeji walikuwa wakilalamika kwamba wageni, hasa Wachina, hawaishii kuingiza mzigo bali wanauza hadi kimoja kimoja, kazi ya machinga. Malalamiko hayo ni ya juzi. Swali lililo chini yake, nani mwenye mji na nani mgeni, ni la zamani kuliko soko lenyewe, na katika makala hii tunarudi lilikoanzia.

Kabla ya kuwa Dar es Salaam palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi Washomvi, watu wanaojinasibisha na Barawa. Masimulizi ya wazee yanasema Washomvi walipovamiwa na Wakamba waliomba msaada kwa Wazaramo wa upande wa bara, chini ya Pazi Kilama. Wakamba wakafukuzwa, na tangu hapo Washomvi wakawa wanawapa Wazaramo kanda, yaani ada ya vitu kama chumvi na nguo. Hapo tayari pana hoja mbili. Mshomvi atasema yeye ndiye aliyemkuta bahari na kumkaribisha mwenzake. Mzaramo atauliza: kama ardhi haikuwa yetu, mlitulipa kanda ya nini?

Miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji wake hapo bandarini, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaufuata. Majid alifariki mwaka 1870 kabla mji haujachangamka. Lakini tarehe hizo zina uzito. Anayeanza kuhesabu kwa Majid atawakuta Wahindi wamo mjini kabla ya Mjerumani. Anayeanza kwa Mzizima hatawaona.

Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka huohuo wakaweka kanuni za ujenzi zilizoeleza nyumba ya aina gani ijengwe wapi. Kufikia 1914 mpango ulikuwa wa maeneo matatu: upande wa bahari nyumba za Kizungu, katikati maduka na makazi ya Wahindi, na nyuma yake nyumba za Waafrika za udongo na makuti. Watu wa mji wakayapa majina mafupi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kwa ajili ya eneo hilo la tatu serikali ilinunua shamba la minazi la Mjerumani aliyeitwa Schoeller. Vita vikaingia. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na hapo shambani wakakaa wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps. Midomo ya Waswahili ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo.

Waingereza waliendeleza mgawanyo, ila kwa ujanja. Tanganyika ilikuwa chini ya dhamana ya Ushirika wa Mataifa, na masharti yake yalikataza kuwabagua raia wa nchi wanachama. India ilikuwa mwanachama. Kwa hiyo sheria haikutaja rangi ya mtu, ilitaja aina ya nyumba. Kati ya Uhindini na Kariakoo likaachwa eneo tupu, kwa kisingizio cha afya. Leo ni viwanja vya Mnazi Mmoja, kati ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed na Mtaa wa Lumumba. Anayepita hapo na kudhani ni bustani tu anatembea juu ya mpaka.

Ujanja huo uliacha mwanya, na hapa ndipo mvutano ulipoota. Mhindi mwenye fedha aliweza kuvuka Mnazi Mmoja, akachukua kiwanja Kariakoo na kujenga nyumba ya mawe. Mwafrika alishikilia kiwanja chake kwa malipo ya mwaka hadi mwaka, na sheria ya mikopo kwa wenyeji ilimfanya asikopesheke, kwani mkopeshaji asingeweza kumdai mahakamani bila kibali. Ilidaiwa kuwa ni kumkinga na madeni. Matokeo yake ni kwamba mmoja aliongeza ghorofa na mwenzake akabaki na makuti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgawo wa chakula ulifuata rangi, na chuki ya foleni ikaungana na chuki ya pango.

Wanaofuatilia habari za Kosovo wataitambua hali hii. Mserbia huanza na vita vya 1389. Mwalbania huanza na Wailiria wa kale, au na mwaka 1912 jeshi la Serbia lilipoingia. Hawabishani sana juu ya tarehe. Kila mmoja anafungua kitabu kwenye ukurasa wake.

Dar es Salaam haikufika huko, na kwa maoni yetu sababu moja ni uamuzi wa Oktoba 1961. Wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao, na Julius Nyerere akatishia kujiuzulu. Uraia ukapita bila kutaja rangi. Miaka kumi baadaye, Aprili 1971, serikali yake ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Sheria haikumtaja Mhindi, kama ile ya Mwingereza isivyomtaja, lakini wengi mno wa walionyang'anywa walikuwa Wahindi, na wengi wakahama nchi. Nyumba zilikwenda kwa Msajili wa Majumba, na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa.

Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, wafanyabiashara kutoka mikoani walianza kununua nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zile za vyumba sita na ukumbi katikati. Familia nyingi za Wazaramo na Wamanyema ziliuza, zikahamia pembezoni kama Mbagala. Palipokuwa na baraza sasa pana fremu, na mpangaji hutoa kilemba kabla ya kodi yenyewe.

Amri ya 2025 inamwadhibu mgeni kwa faini isiyopungua shilingi milioni 10. Inamwadhibu pia raia anayemsaidia, na Kariakoo kila mtu anajua maana yake: fremu yenye leseni kwa jina la Mtanzania na mzigo wa mtu mwingine.