Kitum: Pango la chumvi, ndovu na hofu ya Marburg

Msafiri atokaye Kitale kupitia Endebess hufika lango la Chorlim la Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon baada ya kilomita zipatazo 30. Kutoka langoni, njia hupanda msituni hadi Kitum, pango lijulikanalo zaidi katika mlima huo. Mengine ni Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha.

Wanaozuru mapango ya mawe ya chokaa barani Asia mara nyingi hukuta hekalu la Kibudha ndani yake, kama Perak Tong mjini Ipoh, Malaysia, lililoanzishwa mwaka 1926. Ndani ya Kitum hakuna sanamu wala ubani, na hata mwamba wake si chokaa bali ni majivu ya volkeno yaliyogandamana.

Hata hivyo mlima huu una heshima yake. Upande wa Bungoma, wafuasi wa Dini ya Msambwa, iliyoanzishwa na Elijah Masinde wa Kimilili, waliuhesabu kuwa mtakatifu. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku dini hiyo mwaka 1948 na kumhamishia Masinde Lamu. Alifariki mwaka 1987.

Mapango yenyewe yalikuwa nyumba za watu. Wakony, ambao jina lao ndilo lililozaa jina Elgon, waliishi humo pamoja na mifugo yao, wakijikinga na baridi na wavamizi. Mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson, aliyefika mwaka 1883, aliamini kuwa yalichongwa na watu wa kale wenye ustaarabu mkubwa.

Dhana hiyo haikumpa ndovu haki yake. Mvua nyingi huosha madini ya udongo wa mlimani, na majani huwa hayana chumvi ya kutosha. Basi ndovu huingia Kitum usiku, hupapasa njia kwa mkonga katika giza totoro, hung'oa vipande vya mwamba kwa pembe zao na kuvitafuna. Nyati na pongo huwafuata kulamba. Wafugaji nao walichimba chumvi ya ng'ombe humo humo. Kwa karne nyingi kazi hiyo imelipanua pango lililokwisha kuwapo, hata sasa linaingia mlimani takriban mita 200. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwapunguza sana wachimbaji hao.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni hapaswi kulipuuza. Mwaka 1980 Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari magharibi mwa Kenya alifariki Nairobi kwa homa ya Marburg, siku chache baada ya kuzuru Kitum. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, akapona. Mwaka 1987 mvulana wa Denmark aliyekuwa amelitembelea pango hilo alifariki kwa ugonjwa huo huo. Watafiti waliopekua pango mara baada ya hapo hawakupata virusi. Ndipo popo mla matunda aliyenaswa humo mwaka 2007 akapatikana navyo.

Popo hao wangali darini kwa wingi. Anayeingia ni vyema aandamane na askari wa wanyamapori, abebe kurunzi, avae viatu vilivyofunika mguu, glavu na barakoa, asiguse kinyesi cha popo wala kula chochote mle ndani, na asikawie. Akipatwa na homa baadaye, amweleze daktari mapema kwamba aliingia pangoni.