Mtindi wa kugandisha na matunda: jinsi ya kuuandaa nyumbani kwa usalama

Mtindi uliogandishwa pamoja na matunda ni kitafunwa chepesi kinachofaa watoto na watu wazima. Hauhitaji mashine wala sukari nyingi. Mwanza na katika miji mingine ya kandokando ya Ziwa Victoria, maziwa, ndizi na maembe hupatikana sokoni, na familia yenye friza inaweza kuuandaa jioni ili watoto waule kesho yake wakitoka shule.

Kabla ya kuanza, elewa jambo moja: ubaridi wa friza hauui vijidudu vya magonjwa. Vingi huvilaza tu, na vikiingia tumboni mwenye joto huamka na kuzaliana. Usalama wa kitafunwa hiki hutegemea mambo matatu yanayofanyika kabla ya kufungua friza: maziwa yaliyochemshwa, maji safi na mikono iliyonawiwa.

Faida zake kiafya

Mtindi una protini ya kujenga mwili na madini ya chokaa kwa ajili ya mifupa na meno. Bakteria wazuri wanaougandisha hutumia sehemu ya sukari ya asili iliyomo kwenye maziwa. Ndiyo maana watu wengi wanaojaa gesi au kuharisha wanapokunywa maziwa matamu huweza kula mtindi bila shida. Mtindi unapogandishwa kwenye friza, baadhi ya bakteria hao hufa lakini wengi hubaki hai.

Embe na papai humpatia mlaji vitamini A, ambayo hulinda macho na kuimarisha kinga ya mwili. Vitamini hii huhitaji mafuta ili ifyonzwe vizuri, kwa hiyo kula matunda hayo pamoja na mtindi wa maziwa yenye mafuta yake kuna faida ya ziada.

Kitafunwa hiki pia hupunguza sukari inayoliwa na watoto. Soda ya mililita 350 huwa na takriban vijiko 9 vya chai vya sukari. Mtindi uliochanganywa na ndizi mbivu huwa na utamu wa kutosha bila kuongezwa sukari hata kidogo.

Mahitaji

Kiasi hiki hutoa vikombe vidogo 8 vya takriban mililita 100 kila kimoja:

- Mtindi mzito usio na sukari, nusu lita
- Ndizi mbivu 2
- Embe bivu 1, au papai la kiasi hicho hicho
- Vikombe vidogo vyenye mifuniko, au trei ya kugandishia barafu

Ndizi usiiache. Ndiyo inayoleta utamu, na pia huufanya mtindi ugande ukiwa laini badala ya kuwa mgumu kama jiwe.

Hatua ya kwanza: maziwa na mtindi

Ukinunua mtindi wa pakiti, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na hakikisha muuzaji anauhifadhi kwenye jokofu linalofanya kazi.

Ukinunua maziwa mabichi kwa muuzaji wa baiskeli au kwa mfugaji, yachemshe kwanza, hata kama unamfahamu aliyekamua. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya brusela, ugonjwa unaoleta homa za mara kwa mara, jasho na maumivu ya viungo. Uchachu wa maziwa mgando hautoshi kuviua vimelea hivyo, na friza nayo haitoshi.

Kutengeneza mtindi nyumbani:

1. Chemsha lita 1 ya maziwa hadi yaumuke, huku ukikoroga yasiungue.
2. Yaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Dondosha tone moja ndani ya kifundo cha mkono; likikupa joto bila kukuunguza, yako tayari.
3. Koroga ndani yake vijiko 3 vya chakula vya mtindi mzuri usio na sukari. Huo ndio wa kuanzishia.
4. Funika sufuria, izungushie blanketi, au mimina maziwa kwenye chupa ya chai iliyooshwa vizuri. Acha bila kutikisa kwa saa 6 hadi 8.
5. Yakishaganda, weka kwenye jokofu.

Mtindi ukitoa harufu mbaya, ukiwa na rangi ngeni au ukungu, umwage. Usijaribu kuuokoa kwa kuugandisha kwenye friza.

Hatua ya pili: maji, mikono na matunda

Maji ya ziwani, ya kisimani au ya bomba yaliyokaa kwenye ndoo isiyofunikwa yanaweza kuwa na vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa mengine ya kuhara. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Tanzania mwaka 2015 uliufikia pia Mkoa wa Mwanza. Vimelea vya kipindupindu vinaweza kuendelea kuishi ndani ya barafu.

- Chemsha maji ya kuoshea matunda na vyombo. Yakishaanza kutokota sawasawa, yaache yaendelee kwa angalau dakika 1, kisha yafunike yapoe. Unaweza pia kutumia vidonge vya kutibu maji, ukifuata maelekezo ya pakiti.
- Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kushika chakula, baada ya kutoka chooni na baada ya kumbadilisha mtoto nepi.
- Osha embe na papai kabla ya kumenya. Kisu kinachopita kwenye ganda chafu huingiza uchafu ndani ya tunda.
- Usitumie ubao ulioutumia kukatia samaki au nyama bila kuuosha kwa sabuni.

Barafu inayotumika kupozea samaki kwenye mialo na masokoni si ya kula. Usiichanganye kwenye mtindi, juisi wala maji ya kunywa.

Hatua ya tatu: kuchanganya na kugandisha

1. Ponda ndizi kwa uma hadi ziwe laini.
2. Kata embe vipande vidogo.
3. Changanya ndizi na mtindi, kisha ongeza embe.
4. Jaza vikombe, ukiacha nafasi ya kidole kimoja juu, kwa sababu mchanganyiko hutanuka unapoganda.
5. Funika na uweke kwenye friza. Baada ya saa 1, koroga kila kikombe mara moja ili kuvunja chembe za barafu. Kama unatumia trei, ruka hatua hii.
6. Acha kwa saa 4 hadi 6. Kabla ya kula, toa nje dakika 5 ili ulainike.

Nanasi na papai vina vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa, na mtindi ukikaa navyo kwenye jokofu huwa mchungu. Ukitumia papai, lichanganye na kuligandisha mara moja. Nanasi lichemshe kwanza kwa dakika chache, kisha lipoze.

Umeme ukikatika

Usifungue friza. Umeme ukirudi, kagua kila kikombe. Kilicho bado kigumu au chenye chembe za barafu kinaweza kugandishwa tena. Kilichoyeyuka na kukaa na joto kwa zaidi ya saa 2 kitupwe. Inauma kutupa chakula, lakini kumtibu mtoto anayeharisha kunagharimu zaidi.

Kama huna friza

Tengeneza kiasi cha kula kwa wakati huo tu. Changanya mtindi na matunda yaliyooshwa, kisha mle mara moja. Faida zote zilizotajwa hapo juu zinabaki. Kinachokosekana ni ubaridi. Usinunue barafu usiyojua imetengenezwa kwa maji gani ili kuupoza.

Nani achukue tahadhari

- Mtoto chini ya miezi 6: anyonye maziwa ya mama pekee.
- Mtoto wa miezi 6 hadi mwaka 1: anaweza kupewa mtindi laini usiogandishwa, wenye tunda lililopondwa. Asipewe asali.
- Watoto wadogo: wasipewe vipande vigumu vya barafu, kwa kuwa vinaweza kuwakaba. Wale wakiwa wamekaa, na mtu mzima awe karibu.
- Mwenye kisukari: matunda yana sukari yake ya asili. Kikombe kimoja kidogo kinatosha, na kihesabiwe kwenye mlo wa siku.
- Mjamzito na mwenye kinga dhaifu: wasile kabisa mtindi uliotokana na maziwa yasiyochemshwa. Kwao brusela na maambukizi mengine ni hatari zaidi.
- Mwenye mzio wa maziwa: asile mtindi wa aina yoyote.

Mtindi na afya ya jamii Mwanza

Mwaka 2004, wanawake wa kikundi cha Tukwamuane walianza kutengeneza na kuuza mtindi katika jiko la jamii eneo la Mabatini, Mwanza. Walishirikiana na shirika la Kivulini, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na mradi wa Western Heads East wa chuo kikuu cha Western nchini Kanada. Mtindi huo uliwekwa bakteria maalumu wazuri na ulitolewa pia kwa watu wanaoishi na VVU, kama nyongeza ya lishe. Kwa wanawake hao, ulikuwa pia njia ya kujipatia kipato.

Mtindi ni chakula. Hauchukui nafasi ya ARV wala dawa nyingine yoyote uliyoandikiwa.

Nenda kituo cha afya mapema ikiwa

- Mtu anaharisha choo cha majimaji kama maji ya mchele, mara nyingi kwa muda mfupi
- Kuna damu kwenye choo
- Mtoto anatapika kila kitu, macho yamezama, au ananyonya kwa shida
- Homa inarudi mara kwa mara kwa mtu anayekunywa maziwa mabichi

Mkiwa njiani, endelea kumpa mgonjwa ORS iliyochanganywa na maji safi, kidogo kidogo na mara kwa mara. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Usimpe mgonjwa mtindi wa kugandisha ukitarajia utamtibu. Usubiri siku atakapopona.