Kamera ndogo, ramani kubwa: jinsi ya kuiseti kabla ya kurusha

Wadau, baada ya kuulizwa sana nimeona niiweke hapa. Kamera ndogo ya mfukoni inaweza kabisa kutoa ramani. Unaifunga kwenye droni au hata kishada, inapiga picha zinazopandiana, kisha programu ya kompyuta inaziunganisha. Mafuta yalipomwagika Ghuba ya Mexico mwaka 2010, wananchi kule walipiga picha za fukwe kwa maputo na vishada vilivyobeba kamera za kawaida tu. Hapa Dar, Ramani Huria walioanza 2015 walitumia droni kwenye mitaa inayokumbwa na mafuriko.

Adui namba moja ni picha kuvurugika kwa mwendo. Mimi niliwahi kupoteza siku nzima kwa kuiacha kamera kwenye auto. Kulikuwa na mawingu, ikajiamulia kupunguza kasi ya shata. Kwenye kioo chake picha zilionekana safi, kufika kwenye kompyuta mtaro na njia havitofautiani. Na mtaro ndio tulikuwa tunautafuta!

Hesabu yake hii hapa. Chukua Canon S100 ikiwa mita 100 juu, bila zumu: kila nukta ya picha inabeba kama sentimita 3.6 za ardhi. Droni ikienda mita 12 kwa sekunde, shata ya 1/200 inafunga ndege imeshasogea sentimita 6, karibu nukta mbili. Kwa 1/1000 inasogea sentimita 1.2 tu. Kwa hiyo weka kwenye Tv, chagua 1/1000 au zaidi, ISO 100 jua likiwaka, 200 hadi 400 kukiwa na mawingu. Picha yenye chenga kidogo inavumilika, iliyovurugika ndo basi tena.

Zumu usiiguse, iache kwenye upana wa mwisho safari nzima. Fokasi ifunge kwenye mbali kabisa, ile alama ya nane iliyolala. Flashi zima. Zima pia kizuia mtikisiko (wengi hapa wanabisha), maana kinasogezasogeza lenzi wakati programu inataka lenzi iliyotulia. Mabati na mchanga mweupe huungua, shusha mwanga kidogo, -1/3 inatosha.

Nani atabonyeza huko juu? Kuna CHDK, programu ya bure inayokaa kwenye memori kadi bila kufuta ile ya kiwandani. Kwa mfano wetu, picha moja kila sekunde 2, upande mfupi wa picha ukifuata mwelekeo wa ndege, zinapandiana zaidi ya asilimia 75. Tumia JPEG, RAW inachelewa kuandika.

Kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga ni lazima kwa droni, msije mkasema sikuwaambia. Na ukishatua, kuza picha kadhaa mpaka mwisho hapohapo uwanjani, kabla hujafungasha. Waliotumia kishada kwenye upepo wa pwani, mwageni uzoefu hapo chini.