Mchanga wa Ruvu

Shuleni tulikaririshwa kwamba mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam kwa kuwa bandari ya Bagamoyo ina kina kifupi. Sawa. Lakini kina hicho kilipunguzwa na nani? Mwalimu alikuwa ameshafuta ubao. Mimi mshtakiwa wangu wa kwanza ni Mto Ruvu, ambao Stanley, alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, aliujua kwa jina la Kingani.

Ruvu unatoka milima ya Uluguru, kwenye mawe. Na jiwe mtoni ni bishi, ndugu msomaji! Maji yakiligonga yanapiga mbizi, yanachimba miguuni pake, yanagawanyika, kisha nyuma yake yanalegea na kuangusha mchanga. Angalia nguzo ya daraja wakati wa kiangazi: mbele shimo, nyuma fungu. Mafuriko yakija na mchanga mwingi, shimo linajaa, mawe madogo yanafukiwa, maji yanateleza juu yake bila kizuizi. Mchanga ukikatika, shimo linazidi kwenda chini mpaka nguzo inabaki uchi.

Mchanga usioshikwa njiani unafika baharini, kaskazini ya Bagamoyo. Wapagazi walitua pembe mjini. Mto ukatua mzigo wake hapo jirani. Majahazi hayakujali, yalikaa mchangani maji yakitoka. Meli za stima zilitia nanga mbali. Reli ya kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905, ilianzia Dar.

Sasa njoo Kunduchi uone kinyume chake. Miaka ya 1980 na 1990 malori yalichota mchanga kwenye mito ya Tegeta na Mbezi, watu wajenge. Ufuko ukakosa chakula, bahari ikaula. Wenye hoteli wakapanga mawe kuingia majini. Upande mmoja mchanga ukajaa, upande wa pili ukaliwa zaidi. Ni jiwe lile lile la mtoni, eti! Kuta nyingi za jiji zimetoka huko.

Mwaka 2022 ulisainiwa mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda, huko juu Ruvu. Siligombi, maana Dar ina kiu na maji ninayokunywa ni ya mto huo. Ila bwawa hushika mchanga pamoja na maji, na mdomo wa Ruvu umezoea kulishwa kila masika.