Majina ya Miaka

Zamani katika nchi ya Ulanga, mwalimu aliyeshika daftari ya ubatizo alikuwa na shida moja. Mzee wa Lupiro akiulizwa mwaka wa kuzaliwa, hakutaja tarakimu, bali jambo: kabla ya Vita vya Maji Maji, au baada yake.

Tusidhani huo ni ujinga wa hesabu. Wachina, taifa la elimu ya kale, nao waliipa miaka majina. Walikuwa na majina 10 ya mbinguni na 12 ya duniani, wakayaendesha pamoja, moja kwa moja. Jozi ya kwanza hairudi mpaka miaka 60 ipite. Mwaka 1905, boma la Mahenge liliposhambuliwa, kwao ni Yi-Si, ambao mnyama wake ni nyoka; jina hilo likarudi 1965, tena 2025.

Waswahili wa pwani waliuita mwaka kwa siku ya juma iliyoangukia Nairuzi. Kwa kuwa mwaka wao una siku 365, yaani majuma 52 na siku moja, mwaka Jumatatu ulifuatwa na mwaka Jumanne. Baada ya miaka 7 jina likarudi.

Jina lizungukalo hujihifadhi lenyewe, maana mtu yeyote aweza kulihesabu. Jina la tukio halirudi kamwe, nalo lategemea anayekumbuka. Akifa, kipimo huzikwa naye. Basi, atunzaye daftari na aandike kwanza neno la mzee, ndipo aandike tarakimu aliyoikisia.